Kocha Hana Mshenga

Hässelby, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Elia,

Naanza kwa kukuomba radhi. Tangu majira ya baridi tumeishi nyumba moja na kula meza moja, nami nimekuwa kwako kama mtu aliye nchi ya mbali asiyeandika. Kila asubuhi ulinipa shikamoo, nikakujibu marahaba, na baada ya hapo tulizungumza habari za funguo, takataka na zamu yetu ya chumba cha kufulia. Anayekaa kimya akiwa safarini huweza kuilaumu posta. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nisamehe.

Mama yako yuko kazini kwa wazee anaowatunza, na atarudi alfajiri ili tukusindikize sote uwanja wa ndege. Wewe umetoka kwenda kuagana na wenzako. Begi lako limelala ukumbini kama ndama, nami nimeketi jikoni, dirisha wazi, mwanga bado upo. Sitakuandikia habari za soksi, hati ya kusafiria wala chakula. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, tena mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ya juu. Nataka kukuandikia kuhusu neno nililolisema mezani leo.

Ulipomaliza kula uliweka uma chini, ukaniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe: "Baba, wakimchukua yule mwingine, nirudi nyumbani?"

Nikakujibu: "Tutazungumza."

Ukasema, "Sawa, Baba," ukaondoka na sahani yako. Nilikuona ulivyoinama kwenye sinki, mtu mkubwa hivyo, ukiosha sahani iliyokuwa imekwisha kutakata. Tangu hapo sijatulia.

Jambo lenyewe tunalijua sote wawili, lakini acha niliandike waziwazi, kwa kuwa hatujalitaja kwa miezi. Chuo cha Marekani kimekupokea kama mwanafunzi. Kocha wa timu yao ya mpira wa Kimarekani amebakiwa na nafasi moja ya ufadhili kwa wachezaji wanaoanza mwaka huu, na mnaoitazama nafasi hiyo ni wawili, wewe na kijana mmoja wa hukohuko. Atawaangalia katika mazoezi ya Agosti, kisha atamchagua mmoja. Mkopo wa masomo unaoupata hapa Sweden utatosha muhula wa kwanza tu. Usipopewa nafasi hiyo, Krismasi utakuwa umerudi Hässelby. Na mwezi wa Februari ulikuwa na nafasi iliyokuwa yako bila kushindania na mtu, nikaipoteza mimi.

Unaikumbuka siku ile. Nilivaa koti na tai. Ulicheka, ukasema, "Baba, ni simu tu." Lakini mimi nilijua anayekuja ni nani. Ni mtu aliyekuja kumwomba mtoto wangu. Mama yako alipika pilau ingawa mgeni alikuwa ndani ya kompyuta. Kocha akatokea, amevaa kofia ndani ya nyumba, anatafuna kitu, na nyuma yake upo ubao wenye majina. Alinisalimu vizuri. Alikusifu mikono yako mirefu, miguu yako, na jinsi unavyosikiliza unapoelekezwa. Nilifurahi, Elia, hata masikio yakapata moto. Sikuonyesha.

Kisha akasema, "Mzee, nimebakiwa na nafasi mbili za ufadhili. Moja nataka iwe ya mwanao. Lakini ninazo simu nyingine za kupiga. Mnasemaje?"

Nikamjibu kwa Kiingereza cha chuo cha ualimu, nikilichagua kila neno: "Tumekusikia, na tumeheshimika. Familia itaketi, kisha tutakuletea neno."

Akauliza, "Hiyo ni ndiyo?"

Nikasema, "Hilo ni jibu la heshima."

Goti lako lilikuwa likitikisa meza mpaka juisi ikamwagika. Kocha akacheka kidogo, akasema sawa, angesubiri mpaka Ijumaa. Nilipoifunga kompyuta nilijiona nimekutendea jambo kubwa. Kwetu mtu akija kuomba mtoto, hajibiwi siku hiyo. Akijibiwa siku hiyo atakwenda kusema kwamba mtoto alikuwa akimngoja mlangoni. Hutuma mshenga, mshenga akarudishwa, akaja tena, na wakati huo neno linapita kwa shangazi, kwa mjomba na kwa kaka mkubwa, hata likifika mwisho limekuwa neno la ukoo mzima. "Tumesikia" ni mlango uliorudishiwa tu, haukutiwa komeo. Kila mtu aliyelelewa kwetu anajua hivyo. Kocha hakulelewa kwetu.

Nilimpigia simu shangazi yako aliye Same. Alipiga kigelegele, kisha akaukumbuka ukubwa wake. "Usiwape neno upesi, mdogo wangu," akasema. "Mtoto si nyanya, useme zitaoza. Waache waje mara ya pili, ndipo watajua wamepata mtu. Tena kaka lazima aulizwe." Kaka yetu mkubwa alikuwa msibani huko milimani, na simu yake haikupatikana. Tukangoja matanga yaishe. Ijumaa ikapita. Alipopatikana Jumapili alishangaa: "Kwani mlikuwa mnaningoja mimi? Mtoto aende!"

Kesho yake ulirudi kutoka mazoezini, ukasimama ukumbini na theluji mabegani, hujavua viatu. Kocha alikuwa amekuandikia kwamba nafasi zote mbili zimejaa. Hakutumia neno baya. Alisema alidhani familia haitaki. Ukaniambia, "Du behövde bara säga ja, pappa." Ulihitaji kusema ndiyo tu, baba.

Na mimi, katika maneno yote ambayo mzazi angeweza kuyasema wakati ule, nilisema: "Sema Kiswahili."

Hukusema Kiswahili. Uliingia chumbani kwako, nami nikabaki nikiitazama theluji ikiyeyuka sakafuni, kisha nikatafuta kitambaa nikapangusa.

Nilinyamaza kwa sababu sikujua mtu wa umri wangu humwomba vipi mtoto msamaha bila kupitia kwa mtu wa kati. Hata katika hilo nilikuwa nikingoja mshenga. Nilimwomba mama yako aifanye kazi hiyo. Unamjua mama yako. Amekulia Bujumbura, na akikasirika huniita Mwalimu.

"Miye siyo mushenga wenu, Mwalimu," akasema. "Mulango wa mutoto uko pale. Piga hodi."

Nikajaribu kujitetea. Nikamkumbusha jinsi mjomba wake wa Fittja, kusini mwa jiji hili, alivyoningojesha nilipomposa. Hadithi hiyo nimekusimulia tangu ukiwa mdogo: namna nilivyomtuma rafiki yangu, mtu wa Bukoba mwenye maneno matamu, akapanda treni na kilo za sukari na kitenge; namna mjomba alivyompa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema "Tumesikia"; namna rafiki alivyokwenda tena akaambiwa vilevile, mpaka kiangazi kikaisha na majani yakaanguka. Nimekusimulia pia kwamba siku zote hizo nilitembea kifua mbele, kwa kuwa binti anayecheleweshwa ni binti anayethaminiwa.

Mama yako aliacha vyombo kwenye maji. "Kifua mbele ni weye," akasema. "Miye nilikuwa nalia ndani ya bisi, naenda kazi nalia, narudi nalia. Nilizani umechoka, umeenda kwa mwingine. Hakuna mutu aliniuliza."

Elia, nimeishi na mwanamke huyu tangu kabla hujazaliwa, na jambo hilo sikulijua. Nilidhani tunangoja wawili, mimi na mjomba. Aliyengoja kweli alikuwa chumba kingine, na hakuna aliyempelekea habari.

Sitaki udhani kwamba nazidharau desturi zetu. Nimewaona mabinti waliookolewa na ukaidi wa mjomba, na vijana waliokwenda haraka kwa watu wa haraka wakarudi wamekonda. Kuchelewa kuna kazi yake. Nilichokosea ni kumfanyia desturi mtu asiyeijua, kisha kuketi nikingoja afuate hatua ambazo hakuna aliyemweleza. Wewe ulijua. Ulizijua njia zote mbili, ya kwake na ya kwetu, na ulikuwa umeketi kando yangu. Sikukuuliza.

Nadhani hili nililirithi. Babu yako alikuwa katekista, mtu wa maneno machache yaliyonyooka. Nilipopata nafasi ya kuja kusoma huku nilimwendea kumwomba ruhusa. Akasema, "Tutalitazama." Akalitazama mpaka siku ya safari. Alinisindikiza barabarani, akalikagua sanduku langu, akaifungua kamba niliyoifunga mimi, akaifunga upya kwa fundo lake. Gari likaja. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilikaa Stockholm nikijiona kama mtu aliyetoroka. Kila barua niliyomwandikia ilikuwa na udhuru ndani yake. Alipofariki, shangazi yako aliniambia makaburini kwamba mzee alikuwa akiwaeleza watu wote wa usharika, "Kijana wangu nimemruhusu mwenyewe." Aliwaeleza wote isipokuwa mimi. Labda fundo lile lilikuwa ndiyo yake. Mimi nililiona fundo tu. Lilinisumbua sana kulifungua nilipofika.

Hata hivyo, kocha alikuja mara ya pili. Shangazi yako husema mpaka leo kwamba alikuwa sahihi, nami sina nguvu za kubishana naye. Mwezi wa Mei kijana mmoja aliyekuwa amechukua nafasi alibadili mawazo akaenda chuo kingine, kocha akakupigia wewe moja kwa moja. Nasikia ulikuwa ndani ya treni, karibu na Vällingby, na kwamba ulimjibu kabla milango haijafunguka: ndiyo, nitakuja nishindane. Nililisikia kwa mama yako. Niliumia, nikanyamaza tena, na mara hii kilikuwa kiburi tu. Leo nasema ulifanya vema. Mtu alikuuliza kwa namna yake, ukamjibu kwa namna ambayo angeielewa.

Kuna jambo jingine hulijui. Mchezo wako sikuwahi kuupenda. Ulipoileta nyumbani kofia ile ngumu yenye vyuma usoni nilidhani umejiunga na wazima moto. Nilikuja kukutazama mara moja ukiwa na miaka kumi na miwili, nikaona watoto wanaangushana, wanapumzika, wanaangushana tena, mchezo unazimika na kuwaka kama pikipiki yenye plagi mbovu. Niliondoka nikiwa na baridi, na sikurudi.

Mwezi wa Juni nilirudi. Mlikuwa na mechi ya mwisho. Nilisimama nje ya uzio, nyuma ya kontena la vifaa, ili usinione. Aliyeniona ni Mama Dorcas wa Husby, yule Mkongomani ambaye mwanawe ndiye mrushaji wenu.

"Papa Elia! Unajificha nani?"

"Sijifichi, mama. Nakwepa upepo."

"Upepo gani, na jua hii yote?" Akacheka, akaja na kiti chake cha kukunja, akaketi kando yangu. Baada ya muda akanitazama. "Unaangalia wapi, papa?"

"Natazama mpira."

"Acha balo! Balo iko na mwana yangu. Weye angalia mutoto wako. Pale, pale mbele. Unaona? Anafunga mulango."

Nikatazama. Mpira ulikuwa mikononi mwa mwanawe, na wewe ulikuwa mbele yake. Mtu mzito kukuzidi alikujia mbio. Ulirudi nyuma kwa hatua fupi, mikono mbele, ukampokea, ukamgeuza, ukamshika pale mpaka mwenzako alipopata muda wa kuona mbali na kurusha, kisha ukamwangusha. Watu wote walimshangilia aliyerusha na aliyedaka. Wewe ulimwinua yule uliyemwangusha, ukampigapiga begani, ukarudi mahali pako. Hukuugusa mpira hata mara moja mchana ule.

"Wangu hajavunjika hata kidole," Mama Dorcas akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Sababu ni wako. Kila Jumapili namuombea wako kwanza, halafu wangu."

Nililitaja jina lako. Mama Dorcas akanisukuma kwa kiwiko: "Hiyo ni sauti ya kanisani, papa. Zaidi!" Nikaita kwa nguvu. Ukageuza kichwa, ukatafuta kwenye majukwaa, hukutazama upande wa kontena. Kipyenga kilipolia niliondoka haraka, nikapanda treni kabla hujatoka. Mama Dorcas alinipigia kelele kwa nyuma, kwa Kifaransa, na sikugeuka. Ilinipasa kubaki pale. Ningengoja mlangoni utoke na jasho lako. Niliondoka kwa sababu sikujua ningesema neno gani la kwanza.

Basi sauti ile uliyoitafuta majukwaani umeipata. Ilikuwa yangu.

Huko uendako watu watakuuliza mambo kwa haraka, wengine wakiwa wamesimama, wengine wakiwa na simu sikioni. Sina ujuzi wa kukufundisha namna ya kuishi nao. Umekwisha kunishinda katika hilo. Najua jambo moja tu, nami nimechelewa kulijua. Usiyemfahamu unaweza kumwambia "tutaona," naye akaenda zake akapata mwingine. Anayekupenda haendi. Anabaki akiligeuzageuza neno lako, akitafuta ndani yake kitu ambacho hukukitia. Mama yako alibaki hivyo ndani ya basi. Mimi nilibaki hivyo na kamba ya sanduku. Mezani leo nimekuacha hivyo na sahani mkononi, tena usiku wako wa mwisho hapa.

Na huyo kijana mnayeshindana naye usimchukie. Juzi kanisani nimejikuta nikiomba apate mafua, mafua madogo tu, ya siku chache. Nikaona aibu, nikaanza sala upya. Yeye pia ana baba, na huenda naye ni mtu wa kusema "tutazungumza."

Sasa swali lako. Uliniuliza, wakimchukua yule mwingine, urudi nyumbani?

Ndiyo.

Rudi. Wakimchagua yeye, rudi. Wakikuchagua wewe, kisha mwili ukakataa au moyo ukakataa, rudi. Usitafute kwanza namna ya kunieleza, wala usimtume mama yako mbele. Utapiga hodi, nitafungua, na sitauliza kocha alisema nini mpaka uwe umekula. Sikukusomesha ili uwe mtu wa kushinda nafasi. Ukiipata nitafurahi, na safari hii nitaonyesha, hata kama majirani watagonga ukuta. Lakini chumba chako hakina mashindano. Jibu hili sikumuuliza shangazi yako. Kaka yetu mkubwa hajaulizwa pia, na simu yake leo inapatikana.

Begi lako sijaligusa. Nililikagua kwa macho tu. Mikanda umeifunga mwenyewe, nayo imekaza vizuri. Barua hii naiweka ndani ya kofia yako ngumu iliyo kando ya begi, mahali ambapo najua hutapitisha siku bila kutia mkono.

Kocha akishaamua, niambie kwa lugha itakayotangulia mdomoni, hata ikiwa Kiswidi, nitasikia. Nami nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijampigia simu shangazi yako.

Baba yako